Programu ya bure ilivyofufua nyimbo za marehemu baba

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba rahisi yavunja upishi. Upishi wangu ulivunjika mwaka wa 2021, nami nasimulia haya ili msomaji mwingine asije akaungua mahali nilipoungulia mimi.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya kanisani. Alipoaga dunia mwaka wa 2009 hakutuachia shamba la kupigania, bali daftari moja lenye nyimbo alizozitunga mwenyewe. Aliziandika kwa sol-fa, zile herufi za d, r, m, f, s, l, t ambazo wanakwaya wengi nchini wamezizoea kuliko nota za mistari mitano. Mtindo huo uliendelezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na wamishonari wakaueneza hadi kwetu.

Kwaya yake ilikuwa imetawanyika. Mama, ambaye umri umeanza kumlemea, alikuwa na ombi moja tu: ausikie tena wimbo ambao baba alimtungia walipooana. Nikajiambia kwamba kompyuta ingeweza kuuimba.

Nilikwenda katika duka moja katikati ya jiji. Kijana mwenye maneno matamu aliniuzia kwa Sh500 programu ya kutunga muziki ambayo kwa bei halali ingenigharimu maelfu. Ilikuwa ya wizi, na kusema kweli nililijua hilo. Siku ya tatu kompyuta ilijaa virusi. Makala zangu za mwaka mzima zikapotea, na fundi akanitoza Sh3,500 kuisafisha.

Nilipomweleza mama, hakunifariji. "Mwanangu," aliniuliza, "umesahau baba yako alivyolalamika watu waliporekodi wimbo wake kwenye kaseti bila hata kumtaja?" Nilinyamaza. Nilitaka kufufua kazi ya mtunzi kwa kuwaibia watunzi wenzake.

Basi nikaanza kutafuta kwa njia ya haki, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa na haja ya kuiba. Ipo programu iitwayo MuseScore, iliyoanzishwa mwaka wa 2002 na Mjerumani Werner Schweer, ambayo huandika nota na kuzicheza kwa sauti bila malipo yoyote. Ila tahadhari: ukiombwa ada, huenda umeingia katika maktaba ya nota za watu wengine, programu yenyewe ni ya bure.

Huchukui muda mrefu kuizoea. Unachagua karatasi ya kwaya yenye soprano, alto, teno na besi. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa C, basi d ni C, r ni D, m ni E, hivyo hivyo hadi mwisho. Unabonyeza herufi hizo kwenye kibodi, na tarakimu huamua urefu wa kila nota. Unaweza kupunguza kasi, au kunyamazisha sauti tatu ili usikie moja tu, jambo linalowafaa sana wanakwaya wanaojifunza.

Kwa wanafunzi wanaopenda midundo ya kisasa, ipo LMMS, nayo ni ya bure. Audacity, iliyotolewa mwaka wa 2000, hurekodi sauti na kuzikatakata bila malipo. Asiye na kompyuta ajaribu BandLab kwenye simu. Na anayetaka chombo kikubwa zaidi, Reaper hukuruhusu kuijaribu siku 60 kabla ya kununua leseni ya mtu binafsi kwa dola 60, yaani kama Sh7,800 dola ikiwa Sh130. Si pesa kidogo, lakini familia yaweza kuzidunduliza.

Kazi ya wimbo wa mama ilinichukua majioni tisa. Nilipofika ubeti wa mwisho nilikwama: mchwa walikuwa wamekula ukingo wa chini wa ukurasa, na mstari wa besi ulikuwa umetoweka. Besi ndiyo iliyokuwa sauti ya baba.

Nilimwita mama, nikamchezea sauti tatu zilizosalia. Alifumba macho. Zilipofika pale penye pengo, akaanza kuvumisha kwa sauti nzito isiyo yake. "Hapa alikuwa akishuka," akasema, "halafu anasubiri kidogo. Sikuzote alisubiri." Nilibonyeza, akakataa, nikabonyeza tena, akakataa. Mara ya nne aliitikia kwa kichwa, kisha akaniomba niucheze wimbo wote tangu mwanzo. Niliucheza mara sita usiku ule.

Sauti ya kompyuta ni kavu na haina pumzi, sitamdanganya mtu. Lakini wimbo ule sasa uko salama. Nimeuchapisha kwenye karatasi, na vijana wa kanisa letu wameanza kujifunza.

Msomaji, huenda nawe una daftari kama hilo kabatini, au mzee nyumbani ambaye bado anakumbuka sauti iliyokosekana. Programu haitakugharimu senti. Kumbukumbu ya mzee ndiyo isiyoweza kununuliwa baadaye, kwa hivyo keti naye angali anakumbuka.