Spika Ndani ya Shubaka

Aliyewahi kukaa katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, au kuzitembelea zile za Lamu, hahitaji kuelezwa shubaka ni kitu gani. Ukuta mnene wa mawe na chokaa, na ndani yake pameachwa uwazi. Humo ndimo ilimokuwa ikikaa taa, chupa ya marashi, sahani za kaure zilizotoka Uchina na Uhindi. Wenzetu wa Lamu huita kidaka, na safu za vidaka zikijaza ukuta mzima wa chumba cha ndani huwa ndizo zile zidaka ambazo wageni hawaachi kuzipiga picha. Mafundi wale hawakuwaza muziki. Lakini mimi naamini kwamba ukuta wenye mashimo na kingo huitawanya sauti vizuri kuliko ukuta mtupu, na kwamba mazungumzo ya wazee wetu katika vyumba vile yalisikika kwa utulivu kwa sababu hiyo, mbali na mazulia na mapazia.

Sisi tuliofika Omani tulikuja na tabia ya mashubaka, na wenyeji wa hapa nao walikuwa nayo tangu kale katika nyumba zao za udongo. Ila nyumba za leo ni za matofali ya saruji na sakafu ya marumaru. Ukuta ni mwembamba, huwezi kuutoboa. Kwa hiyo seremala hujenga rafu za mbao au za jipsamu kutoka ukingo mmoja wa majlisi hadi mwingine, na hapo ndipo vinapowekwa vitabu, vyetezo, picha za marehemu, na siku hizi spika za stereo.

Nyumba yetu iko Matrah, juu kidogo ya Bandari ya Sultan Qaboos. Bandari hii ilifunguliwa mwaka 1974, na kwa miaka 40 ndiyo iliyoilisha Maskati: mchele, saruji, magari, mbao. Mwaka 2014 makontena na mizigo ya kibiashara ilihamishiwa Sohar, na Matrah ikaachiwa meli za watalii, majahazi ya wavuvi na meli za kifalme. Tangu hapo usiku umekuwa mwepesi. Mtu anaweza kufungua dirisha wakati wa baridi na kusikiliza nai bila ya winchi kumjibu. Nataja jambo hili kwa sababu chumba cha kusikilizia hakianzi kwenye spika, kinaanza na kelele iliyokwisha kuwamo kabla hujawasha chochote.

Sasa nieleze kwa nini jambo la spika lilikuwa na uzito kwetu. Mama yangu ana miaka 84. Baada ya Januari 1964 ukoo wetu ulitawanyika, kama koo nyingi za wasomaji wa jarida hili; baadhi yetu tukaja Omani baada ya 1970, na mdogo wake mama, khalati yangu, akabaki Unguja hadi alipofariki. Khalati hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa akizungumza kwenye kaseti, akamkabidhi msafiri, nasi huku tukisikiliza kwenye redio kaseti na kumjibu kwa kanda nyingine. Zimebaki kanda 17. Ndani yake mna nani kaolewa na nani, nani kazaa, shamba la nani limechukuliwa, nani anadaiwa, na katikati ya hayo wanawake wa mtaa wanaimba nyimbo za harusi. Hakuna pahala pengine popote palipoandikwa majina hayo. Watoto wetu Kiswahili chao ni cha kuombea maji. Anayeweza kusema "huyu ni mtoto wa fulani, bibi yake alikuwa jirani yetu Malindi" ni Mama peke yake, na masikio yake yamepungua. Kwa hiyo tunakaa, tunasikiliza, anataja, mpwa wangu anaandika. Neno lisiposikika, jina limepotea.

Na Mama ana sharti moja: hataki masanduku yaliyosimama katikati ya majlisi. "Mwanangu, wageni watakaa wapi? Tia ndani ya shubaka." Ndiyo hivyo, amri ya Bimkubwa.

Wapenzi wa stereo watakwambia kwamba kuweka spika ndani ya rafu ni dhambi. Hayo ni maneno ya watu wenye vyumba vikubwa na wasio na mama. Studio nyingi za kurekodia huzipachika spika zao kubwa ndani ya ukuta kabisa, kwa makusudi. Spika ikiwa peke yake katikati ya chumba, sauti nene huizunguka na kwenda kila upande. Ikiwa ndani ya ukuta, sauti ile yote hutumwa mbele, na nguvu ya besi huweza kuongezeka kwa desibeli 6. Tena haiko tena ile sauti inayorudi kutoka ukuta wa nyuma kwa kuchelewa na kuifuta sehemu ya sauti ya mbele. Tofauti ya studio na rafu ya nyumbani ni moja: studio haiachi uwazi wowote pembeni ya spika. Rafu huacha.

Na uwazi huo ndio mwenye fitina. Chukua chupa, pulizia mdomoni mwake, italia kwa sauti yake mwenyewe, haijali wewe unataka wimbo gani. Nafasi iliyobaki kati ya spika na mbao za rafu ni chupa ya namna hiyo. Rafu zetu zina kina cha sentimita 45, na uwazi wa kina hicho hupenda kulia katika mitetemo isiyofika 200 kwa sekunde. Sauti ya mwanamke mtu mzima anapozungumza huanzia karibu na hapo hapo. Ikawa khalati kila akisema neno, rafu nayo inavuma chini yake, *mmm*, na vuma hiyo inafunika zile herufi nyembamba, s na t na f, ambazo ndizo zinazotofautisha jina na jina. Kwa mzee ambaye masikio yake yamepoteza sauti za juu kwanza, kama wengi wanavyopoteza, hapo pamebaki nini? Alikuwa akisikia kwamba mdogo wake anazungumza. Hakuwa akisikia anasema nini.

Kilichonihakikishia kuwa mgonjwa ni rafu na si kanda, kilitoka bandarini. Jioni moja meli kubwa ya watalii iling'oa nanga ikapiga honi. Amplifaya ilikuwa imezimwa. Rafu ikaitikia! Nilitia mkono juu ya ubao wa nyuma, plaiwudi nyembamba, nikauhisi unatetemeka, na sahani za rafu ya juu zikagongana. Hilo si ajabu ukijua kwamba sheria za kimataifa za kuzuia meli kugongana, za mwaka 1972, zinataka meli yenye urefu wa mita 200 au zaidi iwe na honi ya mitetemo kati ya 70 na 200 kwa sekunde, isikike umbali wa maili mbili za bahari. Yaani honi ile inapiga mle mle rafu inamopenda kulia. Toka siku hiyo nikawa na kipimo cha bure. Kila nikirekebisha jambo nasubiri meli iondoke, natia mkono.

Marekebisho yenyewe si ya gharama, na msomaji aliye katika fleti ya London au Toronto anaweza kuyafanya Jumamosi moja.

La kwanza ni kuivuta spika mbele mpaka uso wake ulingane na ukingo wa rafu, au uchomoze kidogo, kiasi cha unene wa kidole. Spika iliyorudi ndani huwa inazungumza kama mtu aliyeweka viganja pembeni mwa mdomo. Kila sauti inagonga mbao za pembeni kabla ya kutoka. Hili pekee lilileta nusu ya faida yote.

Kisha uwazi ujazwe. Wengi huuza sponji maalumu kwa bei ya kuchekesha. Sisi tulijaza blanketi nzito za sufu zilizokunjwa, nyuma na juu, na pembeni tukapanga vitabu kwa kubana, uso wa vitabu ukiwa sawa na uso wa spika. Kanga nazo zilijaribiwa, kwani katika nyumba ya Kiswahili haikosekani bahasha ya kanga kuukuu. Ni nyepesi mno, hazimezi kitu, ila zikikunjwa doti ishirini na kusokomezwa kwa nguvu zinafaa kuziba nyufa. Ubao wa nyuma nikampa seremala auongezee ubao mwingine mnene na kuukaza ukutani kwa skrubu.

Halafu kuna tundu. Spika nyingi za siku hizi zina tundu nyuma la kutolea besi. Ndani ya rafu tundu hilo linatapika besi kwenye chupa yetu ile. Tulilizima kwa soksi iliyojazwa sponji. Ukinunua spika kwa ajili ya rafu, tafuta iliyozibwa pande zote. Si jambo geni: Edgar Villchur wa Marekani alipotoa AR-1 mwaka 1954, sanduku lililozibwa kabisa, ndipo spika ndogo ilipoweza kutoa besi ya maana na watu wakaanza kuipandisha kwenye rafu za vitabu badala ya kununua kabati zima. Na miaka ya 1970 wahandisi wa BBC waliunda LS3/5A, kisanduku kilichozibwa cha urefu wa sentimita 30 hivi, kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya kurushia matangazo, ambamo hamna nafasi. Kinachotakiwa kwenye gari la matangazo ni kulijua neno la msemaji. Sawasawa na haja yetu.

Chini ya kila spika tulitia vipande vya mpira, ili mtetemo wa sanduku usiingie kwenye ubao na kuzifikia sahani za Mama. Sahani nazo tukazitenganisha kwa vitambaa. Zilikuwa zikipiga rika ambayo haimo kwenye wimbo.

Urefu nao una mambo. Vitabu vya Kizungu vinakwambia spika ndogo, ile ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa kitini. Sisi majlisi yetu ni ya chini, tunakaa juu ya magodoro na kuegemea mito, na sikio la Mama liko sentimita 80 kutoka sakafuni. Rafu iliyofaa ilikuwa ya pili kutoka chini, ile aliyokuwa akiwekea vyetezo. Palihitajika mazungumzo marefu kabla vyetezo kuhama.

Hatimaye, kitasa cha besi cha amplifaya kipunguzwe. Wapo wanaoona kugusa kitasa hicho ni ushamba, lakini ukuta umekwisha kukuongezea besi, wewe unamrudishia mwenyewe haki yake tu.

Nilipoweka taarabu baada ya hayo, kwa mara ya kwanza nilisikia kidole kinapoachana na uzi wa kanuni. Kabla yake kanuni ilikuwa kama mvua juu ya bati mahali mbali. Udi ulikaa kushoto, fidla kulia, na dumbaki ikawa ngoma yenye ngozi. Rekodi za zamani za Siti binti Saad, za Bombay mwaka 1928, hazina besi ya kuibua mavumo, kwa hiyo hizo hazikubadilika sana; hata rafu mbovu ilikuwa ikizistahi. Walioneemeka zaidi ni Ikhwani Safaa na Culture, pamoja na magitaa ya besi na akodioni zao.

Kanda za khalati ni jambo jingine. Zile ni sauti moja, zimerekodiwa kwa kipaza sauti cha ndani ya redio kaseti. Kwa hesabu, spika moja iliyowekwa kwenye kigoda karibu na bega la Mama ingesikika wazi kuliko mbili zilizo mbali ukutani, maana sauti inayofika sikioni moja kwa moja huishinda ile inayorudi kutoka kwenye saruji na marumaru. Nikalijaribu. Neno lilitoka safi kabisa. Mama alisikiliza dakika mbili, akaniambia niiondoe. "Hapa ananinong'oneza kama maiti. Mrudishe kule. Kule yuko chumba cha pili, anapika na kuzungumza."

Nikamrudisha ukutani. Nikazima spika ya kulia, nikabakisha ya kushoto iliyo mita mbili na ushei kutoka mto wake, nikaielekeza kwake kadiri vitabu vilivyoruhusu. Anapoteza maneno machache, anayarudisha kwa kuuliza.

Mpaka leo tumemaliza kanda 11 na mpwa wangu ameandika majina 214. Katika kanda ya tisa kuna mwanamme anakohoa nyuma ya khalati na kusema "haya, twende." Tulimrudia mara nne kabla ya marekebisho, Mama hakumtambua. Baada ya vitabu na blanketi alimtambua kwa kikohozi, kabla hajasema neno, akataja jina lake na la baba yake na nyumba aliyopanga. Zimebaki kanda sita, mbili katika hizo utepe wake umekunjamana na zinayumba. Msimu wa meli za watalii umeanza, na kwa kawaida zinaingia asubuhi na kuondoka jioni, basi tunasikiliza baada ya adhuhuri, Mama akishaamka.