ALIIOGOPA BRASHI MIEZI SABA, BAHARI YA KUNDUCHI IKAMREJESHA KAZINI

Kazi moja iliyoharibika inaweza kumfanya mtu asahau kazi nzuri hamsini alizowahi kufanya. Muulize yeyote anayeishi kwa mikono yake: fundi nguo, msusi, mpiga picha. Mteja mmoja akikunja uso tu, mkono unaanza kutetemeka.

Ndicho kilichompata mwanadada mmoja wa Dar, mchoraji wa sura za watu kwa rangi za mafuta. Aliletewa picha ya simu ya marehemu mama wa mteja, akakaa nayo wiki tatu. Siku ya kukabidhi, mteja akaitazama kimya, machozi yakamlenga, halafu akasema, "Dada, huyu siyo mama." Hakupiga kelele. Alirudishiwa advansi yake, akaondoka. Bora hata angetukana.

Baada ya hapo, miezi saba hola. Picha ikageuziwa ukutani, vifuniko vya tyubu vikagandia, kodi ya chumba ikatokana na kubandika kucha saluni. Wenzake wakamshauri ahamie Tingatinga, maana rangi zake za kung'aa hukauka haraka na watalii wananunua. Ushauri mzuri, ila shida yake haikuwa rangi. Kila akishika brashi alisikia "siyo mama".

Mwisho akaamua kuchora kitu ambacho hakina ndugu wa kuja kulalamika: bahari. Tena kwa masharti. Hakuna penseli, hakuna brashi, hakuna picha ya simu. Kisu cha rangi tu, na rangi tatu: nyeupe, bluu na kahawia. Alijua akianza na mstari atarudi kulekule kwenye kupima pua na jicho. Bluu na kahawia zikichanganywa zinatoa kijivu cha kila aina, na Kunduchi maji yakiwa yamekupwa ina kijivu kingi kuliko postikadi zinavyotudanganya.

Alienda siku za bamvua, saa nne asubuhi, maji yako mbali na ngalawa zimelala ubavu. Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Rangi ya mafuta haikauki leo wala kesho, kwa hiyo kila alichoweka kilichanganyika na cha chini yake, ikawa tope tupu. Akakwangua yote. Kumbe ndo utamu wa mafuta huo: ule ubichi unaokupa presha ndio unaokuruhusu kufuta. Na lile doa la kahawia lililobaki baada ya kukwangua lilifanana na mchanga kuliko mchanga wowote aliowahi kuuchora kwa makusudi. Akaliacha.

Siku ya tatu mzee mmoja mvuvi akasimama nyuma yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu." Akaangalia weee, kisha akanyoosha kidole kwenye kahawia. "Hapa mashua inakwama. Hapa kwenye bluu inapita."

Hakukuwa na mashua pale, wala mstari hata mmoja. Lakini mzee alikuwa ameisoma bahari yake.

Siyo wa kwanza kupita njia hiyo. Mwaka 1872 Claude Monet alichora bandari ya Le Havre, Ufaransa, kwa ukungu na miguso michache ya rangi. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, mkosoaji mmoja aliidhihaki gazetini kwamba haijakamilika. Jina la kejeli alilolitoa kwenye jina la picha ile ndilo wachoraji wale wanalojulikana nalo mpaka leo.

Mwanadada alirudi nyumbani, akaigeuza ile picha ya mama. Kila kitu kipo: nyusi, pua, kidoti cha shavuni. Vipo kama kwenye kitambulisho. Flashi ya simu ilikuwa imeufanya uso kuwa bapa, naye kwa woga akanakili ubapa uleule.

Akampigia mteja. Hakuomba hela. Aliuliza mama alipenda kukaa wapi jioni, na jua lilikuwa likimpiga upande gani. Simu ikaenda karibu saa nzima, na mteja ndiye aliyeongea zaidi.

Wamekubaliana ajaribu tena, bila advansi. Malipo baada ya kuiona. Picha mpya bado mbichi. Anaweza kuambiwa tena siyo mama. Ila safari hii anajua aanzie wapi kukwangua.