Hotuba na Ngoma

Miji ya mwambao haikungoja Mwingereza aijengee mahali pa kusikiliza maneno. Tanga ilikuwa na baraza zake, darsa za misikitini, maulidi, na nyusiku za malumbano ambamo mshairi alitupiwa fumbo akatakiwa alifumbue. Tangu 1904, enzi ya Mdachi, ilikuwa hata na gazeti lake, Kiongozi, lililotoka katika skuli ya serikali. Kwa hiyo baada ya vita vya 1939–1945, serikali ya Tanganyika ilipoanza kujenga kumbi za ustawi wa jamii mijini, haikukuta watu wasiojua mkutano ni kitu gani.

Kumbi hizo kwanza zilikusudiwa askari waliorudi vitani, wasije wakakaa bure wakazua mengine. Humo mliwekwa magazeti na redio, pakawa na madarasa ya kusoma na kuandika na mafunzo ya ushoni. Pakawa na hotuba, za afya na uraia mwema. Na pakawa na dansi. Iliyovuma kuliko zote ni Arnautoglu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1952 na kupewa jina la tajiri wa asili ya Kigiriki aliyeitolea fedha. Elimu upande huu, raha upande ule. Shubiri kwanza, asali baadaye.

Kasoro ilikuwa katika mstari huo uliopigwa baina ya hotuba na ngoma. Mswahili hakuujua. Kwake shairi ni mawaidha, na wimbo wa taarabu ni kesi inayosemwa mbele ya watu.

Aliyeufuta mstari huo vizuri ni karani mmoja wa Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alitumikia forodha kwa miaka mingi, na kuanzia 1946 akafanya kazi katika ofisi za serikali mjini Tanga. Mchana alikuwa mtu wa kupokea amri. Lakini hotuba yake juu ya ushairi, iliyochapishwa 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, si ya mtu wa kupokea. Humo burudani ya baraza ndiyo somo, na mwenyeji ndiye mwalimu.

Alifanya hivyo pia kwa Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, aliyefariki 1950. Muuza vyungu huyo alikwenda Bombay mwaka 1928 kunasa nyimbo zake katika santuri. Mpanga ratiba wa ukumbi angemweka mwisho, pamoja na ngoma. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Wasomaji wa leo hunung'unika kwamba wasifu ule una mawaidha mengi kuliko habari, na hawakosei. Lakini mawaidha yale ndiyo heshima yenyewe: mwimbaji amepewa nafasi ambayo zamani ilikuwa ya masheha na wanavyuoni.

Tanga nayo ikauvuka mstari kwa njia yake. Black Star na Lucky Star waliingiza gitaa la dansi katika taarabu, na Shakila Saidi akaimba juu yake. Mapigo yakachangamka hata miguu ikashindwa kutulia. Maneno yakabaki yaleyale ya kutegewa sikio, na mtu akarudi nyumbani usiku akijiuliza kijembe kile kimempata nani.