Motokaa Katika Theluji ya Ulaya

Mwezi wa Januari 1965, motokaa 237 ziliondoka miji mbalimbali ya Ulaya zikishindana kwenda Monte Carlo. Tufani ya theluji ilizikuta Ufaransa. Zilizofika ni 35 tu.

Mshindi alikuwa Timo Mäkinen wa Ufini, katika Mini Cooper S ndogo. Wa pili Eugen Böhringer wa Ujerumani, katika Porsche. Wa tatu mwanamke Mwingereza, Pat Moss, katika Saab. Mini na Saab zilivutwa na magurudumu ya mbele, na injini zilikuwa mbele. Porsche ilisukumwa na ya nyuma, na injini ilikuwa nyuma ya dereva. Basi katika zote tatu, uzito wa injini uliyakandamiza magurudumu yenye kuendesha. Penye theluji, kama penye matope, nguvu isiyoshika ardhi ni bure.