Hitilafu kwenye glasi ya tatu

Leo sitaandika kuhusu PHP wala hifadhidata. Ni habari ya kinywaji, ila mwishoni utaona nimerudi kulekule kazini.

Jumamosi nilitoka Migori, nikabadilisha matatu Rongo, nikafika Homa Bay kwa kaka yangu mkubwa. Mkobani nilikuwa na brandi ya zabibu (yaani divai iliyochemshwa na mvuke wake kupozwa), chupa ya Campari, kile kinywaji chekundu cha Italia cha tangu 1860, na machungwa ya Tanzania yaliyovukia Isebania. Machungwa haya hubaki kijani hata yakiiva, kwani huku kwetu hakuna baridi ya kugeuza rangi ya ganda.

Maelekezo ni mepesi: mililita 30 za brandi, 30 za Campari, 60 za maji ya chungwa, barafu, kisha kipande cha ganda ukikamulie juu mafuta yanukie. Unaanza utamu, uchungu unakuja nyuma.

Nilitengeneza glasi tatu: yangu, ya shemeji na ya kaka. Kaka aliacha pombe miaka miwili iliyopita, na sote tunajua ilimgharimu nini. Kwa hiyo yake sikutia brandi. Nilijiona nimemfikiria.

Aliinua glasi, akanusa, akairudisha mezani taratibu. "Omera, hii ina pombe."

Nikaanza kubisha. Kisha nikasoma lebo ya Campari: asilimia 25. Zile mililita 30 zilikuwa na mililita 7.5 za pombe tupu. Watu wa programu tunaijua hitilafu hii: unafuta laibrari moja, unasahau kwamba nyingine uliyoibakiza inaiita ileile kwa ndani. Tofauti ni kwamba seva ikianguka unaiwasha tena.

Nilimwomba msamaha, nikamwaga, nikachukua glasi safi: maji ya chungwa, toniki, barafu na ganda. Uchungu wa toniki ni wa kwinini, ileile dawa ya malaria ambayo sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kuelezwa.

Akaonja, akacheka. "Hii inanikumbusha sindano." Akaomba nyingine.

Jumatatu, kabla ya kugusa kazi mpya, nilikaa nikapitia kila kitu ambacho programu yangu inakitegemea. Nilikuta viwili ambavyo sikujua vimo.

Haya, tuonane wiki ijayo.