NGUVU UNAZO, LAKINI GURUDUMU HALISHIKI

 

Wewe uliye Siongiroi unajua mvua ndefu ikianza Machi barabara zetu huwaje. Trekta kuukuu inayobeba mahindi inazama, na kila aliye kando ya njia anapaza sauti: "Kanyaga mafuta!" Dereva anakanyaga, moshi unatoka, gurudumu linazunguka, na trekta inashuka mpaka ekseli inagusa tope.

Ndugu yangu, injini hiyo ina nguvu. Tatizo ni kwamba gurudumu halina cha kushika. Dereva mzoefu huzima kelele kwanza. Anafungua trela. Anachimba tope mbele ya magurudumu, halafu anatandika chochote kilicho karibu: mabua ya mahindi, matawi, mawe, magunia yaliyochakaa. Takataka ya shamba inakuwa barabara.

Soma Yeremia 38. Nabii alitupwa shimoni, hakukuwa na maji, ila tope, akazama. Ebedmeleki Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme, alipewa watu 30. Lakini tazama alichobeba pamoja na kamba: matambara na nguo zilizochakaa, Yeremia aziweke kwapani ili kamba isimkate. Mungu alitumia matambara kumwokoa nabii!

Sasa nizungumze na wewe unayekopa kwa simu leo ili ulipe mkopo wa jana. Hiyo ni kuzungusha gurudumu mahali pamoja. Acha kukanyaga. Fungua trela: mwambie mwenzi wako ukweli, mwambie mzee mmoja wa kanisa. Uza kitu kidogo, panga na unayemdai na anayekudai. Kuomba na kufunga ni vyema, lakini usidharau mabua ambayo Mungu ameweka kando yako.

Na wewe unayevuta wenzako, sikiliza. Wako madereva wanaofunga gogo kwa mnyororo kwenye magurudumu ya nyuma, kisha wanaachia klachi kwa ghafula. Gurudumu likikataa kuzunguka, trekta yenyewe huinuka mbele na kumpindukia dereva. Inachukua sekunde chache tu, na watu wamekufa hivyo. Msaada wa haraka usio na hekima unaua. Kumtangaza mtu aliyekwama mbele ya kanisa, kumwambia hana imani, ni kumvuta kwa kamba bila tambara. Atatoka, lakini akiwa na majeraha.

Wiki hii usimwambie mtu "jikaze." Nenda kwake, keti, uliza ni wapi gurudumu halishiki. Beba tambara lako: saa moja, debe la mahindi, sikio lisilotoa siri.

Baba, mfikie aliyezama anaposoma haya. Mtumie Ebedmeleki wake leo, katika jina la Yesu.

Kama unapokea, andika AMINA. Kama umekwama, usiandike hapa, nitumie ujumbe faraghani tuombe na tupange pamoja. Mbarikiwe.