Nilivyoanza Kuimba kwa Ekegusii

Nilizaliwa Keroka, mji uliokalia mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, nchini Kenya. Tangu nishike gitaa nilikuwa mtu wa roki, na roki kwangu ilikuwa Kiingereza. Aliyeniuliza kwa nini siimbi Ekegusii nilimjibu kwamba lugha yetu haibebi muziki mzito.

Kilichonigeuza ni albamu ya Riblja Čorba, bendi ya Belgrade nchini Serbia. Iliundwa mwaka 1978, na mwaka uliofuata ikatoa Kost u grlu, albamu yake ya kwanza, enzi hizo Serbia ikiwa bado ndani ya Yugoslavia. Rafiki yangu alinitumia albamu hiyo kwa simu. Gitaa linanguruma, na Bora Đorđević anaimba Kiserbia mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya kukwaruza. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilisikiliza mpaka simu ikaisha chaji. Watu hawa hawakungoja Kiingereza kiwape ruhusa. Sisi tunangoja nini?

Swali hilo lilinipeleka kwa mzee mmoja wa Nyamira anayepiga obokano, ala yetu ya nyuzi. Nyuzi nane zimevutwa kutoka kwenye bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe hadi kwenye mti wa juu, ambako hukazwa. Aliketi kwenye kigoda, akaanza. Uzi wa sauti ya chini ulivuma na kukwaruza kwa pamoja, nikausikia kwenye mbao za benchi nililokalia. Hakukuwa na spika wala umeme.

"Mwanangu," aliniambia, "hii ilipigwa penye sherehe, watu wamejaa boma zima, na kila mmoja alisikia. Uzito gani mwingine unautafuta?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwake tena na tena mpaka vidole vikazoea.

Gitaa ninalo bado. Siku hizi obokano ndiyo inayoanza, gitaa linafuata, na maneno ni Ekegusii. Mama yangu, ambaye nyimbo zangu za zamani zilimpita tu, sasa anaitikia kiitikio kwa sauti. Wala si mimi niliyefungua njia: mshairi Grandmaster Masese amekuwa akipanda jukwaani na obokano, na vijana wanamsikiliza.

Wapigaji wa zamani wanatutoka. Kijana mwenzangu, kama kijijini kwenu yupo mzee mwenye obokano, nenda ukakae naye mwezi huu. Mwombe akufundishe, mrekodi akikubali, na umlipe.